Ringi ya Uzi Mwekundu

Machi 10

Mvua imeanza, na mume wangu amechagua siku hii hii kunitangazia kwamba mgongo unamsumbua, kwa hiyo meza ya kazi sasa ni yangu. Hivyo tu, huku anatafuta kandambili zake kwa mguu chini ya kiti. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Tunatengeneza misumeno ya injini, ile ya kukatia miti, na miaka yote mimi nimekuwa wa kuosha vyuma kwa petroli, yeye wa kufunga. "Wewe unajua kila kitu," akaniambia. Nikamjibu kwamba siku zote najua, ila hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwa kawaida angecheka. Leo alikaa tu mlangoni akasikiliza mvua.

Nitaandika humu mambo ya msimu huu. Mtu anayeshinda na vyuma bila wa kusema naye atapasuka.

Machi 12

Mdogo wangu amekuja na msumeno wake begani, amelowa chapachapa. Yeye ndiye mkata miti wa huku kwetu, na mvua zikianza hapumziki, maana kila mwenye nyumba anakumbuka ghafla kwamba ana mti unaoegemea paa lake.

"Dada, mashine inachoka," akasema hata kabla ya kukaa. "Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja. Ikishapata moto, nguvu zinaisha, inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe."

Mume wangu aliifungia mashine hiyo ringi mpya kabla tu ya mvua, tena ndiyo kazi yake ya mwisho kabla ya huu mgongo wake. Nikamtazama. "Ringi ni mpya ile," akasema. "Tatizo haliwezi kuwa ringi." Akajishughulisha na redio, ambayo hata haikuwa na betri.

Machi 13

Nimefungua. Tatizo ni ringi.

Ringi ni pete nyembamba ya chuma inayokaa ndani ya mfereji wa pistoni, na kazi yake ni moja, kuziba. Ikiziba, nguvu yote ya moto inasukuma pistoni. Ikivujisha, nguvu inapita pembeni na mashine inabaki kupiga kelele tu. Hii ilikuwa nyeusi tii na masizi yamepita mpaka chini ya pistoni. Imekwisha, kwa wiki chache! Nimeshangaa, lakini vyuma vya siku hizi nani anavijua.

Hapa kwetu tuna utaratibu. Kwa kila mashine ya mteja wa kudumu, ringi moja ya mfano inatundikwa ukutani kwenye msumari na kufungwa uzi wa rangi yake. Ya mdogo wangu ina uzi mwekundu. Ukienda kununua, unalaza mpya juu ya ile ya mfano. Duara zikilingana na ncha zikikaa sawa, ndiyo yenyewe. Mume wangu ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikaenda nayo kwa muuza spea, ambaye sisi tunamwita Hakuna-Tofauti kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Akalaza mpya juu ya ya mfano, zikalingana sawasawa.

"Hakuna tofauti, mama. Ileile."

Nimeifunga, nikaunyanyua msumeno kwa kamba ya kuwashia kama tunavyopima siku zote. Ukishuka polepole, mgandamizo upo. Ukianguka kwa mkupuo, hamna kitu. Ulishuka polepole. Leo nitalala kwa raha.

Machi 17

Mvua. Mdogo wangu kimya. Fundi hakuna anachokipenda kama mteja aliyenyamaza.

Machi 19

Nilifurahi mapema.

Amekuja na mchubuko kuanzia sikioni mpaka kidevuni. Alikuwa juu ya mti, amejifunga mkanda, tawi limekatwa nusu, mashine ikazima. Tawi likaanza kupasuka lenyewe, na yeye hana pa kukimbilia huko juu. Likampita usoni. "Nilisema leo nimekwisha," akasema, akijaribu kutabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Mimi nikiogopa huwa mkali, sijui kwa nini. Nikamwambia anabania oili kwenye petroli, ndiyo maana ringi zinaungua.

"Mimi?"

"Wewe. Ubahili umezaliwa nao."

"Dada, napima kwa kikombe kilekile tangu shemeji alipokuwa anatengeneza. Haikuwahi kunizimia mkononi mwake."

Hilo liliniingia mpaka kwenye mfupa. Nikamwambia basi amfuate huyo shemeji yake. Na shemeji yake alikuwa amekaa palepale mlangoni, mikono magotini! Hakunitetea, hakumtetea, hata kukohoa hakukohoa. Mdogo wangu aliondoka bila chai. Msumeno aliuacha, maana fundi mwingine hayuko mpaka ng'ambo ya mto.

Machi 20

Nimenunua ringi nyingine. Nimeilaza juu ya ya uzi mwekundu, sawasawa. Nimefunga. Ulishuka polepole. Safari hii sikuridhika.

Machi 24

Mama yangu amekuja amevimba kwa hasira. Amekutana na mume wangu njiani karibu na kisima, ana kwa ana, njia yenyewe nyembamba, na mkwewe akampita bila hata kumwamkia. Miaka yote hii! Mtu ambaye akimwona mama huvua kofia akiwa bado mbali.

"Nimemkosea nini?" Mama akaniuliza. "Nimwombe radhi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nikamkabili. Akasema alikuwa na mawazo. Mawazo gani ya kumpita mama mkwe kama anayepita mnazi? Akaenda kulala bila kumaliza chakula. Nikajiambia, haya sasa, amenipa meza ya kazi kwa mdomo lakini kwa moyo ananinunia, na hasira anaimalizia kwa watu wangu.

Machi 25

Mvua usiku kucha. Hatusemeshani.

Machi 29

Nimekwenda kwa mama na nimerudi na wasiwasi. Ule mti mkubwa nyuma ya nyumba yake umeinamia paa zaidi kuliko mwezi uliopita. Maji yamekula udongo, mizizi ya upande wa juu iko nje, nimeigusa kwa mkono wangu. Unaelekea moja kwa moja kwenye chumba anacholala. Nimemwomba aje kwetu. Amekataa. Amesema hawezi kwenda kulala katika nyumba ya mtu asiyetaka kumsalimia.

Mdogo wangu anasema mti ni lazima ushuke wiki hii, na atakayeushusha ni yeye, kwa msumeno ule ule. Mashine nyingine iko ng'ambo, na daraja limefunikwa na maji.

Machi 31

Amejaribu msumeno kwenye magogo. Umechoka tena. Ringi ya tatu hii!

Nimekwenda kwa Hakuna-Tofauti na nimempasha mbele ya wateja wake. Nimemwambia anauza takataka, na mtu akifa juu ya mti damu yake iko juu ya kaunta hii. Akatetemeka midevu. Akamwaga ringi za boksi zima mezani, akaanza kuzilaza moja moja juu ya ya uzi mwekundu. Zote sawa. "Niambie tofauti iko wapi, mama," akasema, karibu kulia. "Niambie wewe." Nimelipa, nimetoka na ringi nyingine, na aibu juu.

Mume wangu chai ameimimina leo mpaka ikajaa sahani na meza. Nikamuuliza akili yake iko wapi. Nina hasira na kila mtu, naona, hata na birika.

Aprili 2

Nimesafisha kabureta, nimebadilisha plagi, oili nimechanganya mwenyewe kwa mkono wangu ili mtu asinisingizie. Kesho wanakata. Mdogo wangu amesema atafanya haraka, amalize kabla haijapata moto. Hayo ndiyo mategemeo yetu, haraka.

Aprili 3

Naandika jioni na mikono bado inanuka petroli. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa chenyewe hakina mpangilio.

Asubuhi mvua ilikatika. Walikuja wanaume wa mtaa, wakafunga kamba mbili juu ya mti ili wauvute upande wa shamba, mbali na nyumba. Mdogo wangu akakata mdomo kwanza, upande wa shamba, ule upenyo unaouelekeza mti pa kuangukia. Msumeno ukala vizuri. Akazunguka nyuma, upande wa nyumba, akaanza kukata kuja mbele. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Mlio ukaanza kubadilika. Nilijua kabla yake. Nikapiga kelele atoke, hakunisikia. Ukazima.

Kimya kile sitakisahau. Mti umekatwa zaidi ya nusu, umesimama, na unalia. Sauti ndogo ndani ya mbao, kwi, kwi. Wanaume walijitundika kwenye kamba. Mdogo wangu alipiga magoti palepale chini yake akipigilia kabari kwenye mpasuo, moja, nyingine, huku mimi namwita jina lake la utotoni mbele ya watu wote. Alipomaliza ndipo akatoka, akaketi kwenye tope.

Mama alikuwa bado ndani ya nyumba. Bado! Anakunja nguo zake. Nimembeba karibu mgongoni, akinigombeza, mpaka kwetu.

Kamba zikafungwa kwenye visiki, kabari zikaongezwa. Lakini mawingu yalikuwa yanarudi, na kila mtu alijua kwamba upepo mmoja mzuri unatosha. Mdogo wangu akanifuata karakanani na msumeno. "Ukipoa nitarudi nikate kidogo. Ukizima, nitasubiri, nikate tena." Nikamwambia hatarudi chini ya ule mti na mashine hii hata kama itabidi nilale juu yake. "Na nyumba ya mama?" Nikafungua silinda.

Ringi mpya, ya siku tatu, nyeusi tayari. Nikachukua wembe nikaanza kukwangua masizi pembeni ya ringi, bila hata kuitoa, kwa hasira tu. Na wembe ukazama. Uliingia ndani ya mfereji, kati ya ringi na ukuta wake, ukasimama wenyewe.

Pale hapatakiwi kupita hata unywele.

Nikachukua wembe wa pili. Ukaingia. Wa tatu niliusukuma kidogo, nao ukaingia. Nyembe tatu na ringi, ndani ya mfereji mmoja! Ringi ilikuwa nyembamba kuliko nyumba yake. Baridi, oili inajaza ile nafasi na kuziba. Ikipata moto, oili inakuwa nyepesi na ringi inabaki kurukaruka mle ndani. Nikashusha ile ya uzi mwekundu kutoka msumarini nikaijaribu. Nyembe tatu. Tulikuwa tunalaza ringi mbovu juu ya ringi mbovu! Ukizilaza hivyo unaona duara na ncha. Unene hauuoni hata siku moja. Na mimi nimekwenda kumtukana mtu wa watu dukani.

Safari hii sikubeba ringi. Nilibeba pistoni yenyewe, nimeifunga kwenye kitambaa, nikakimbia nayo. Nikamwambia Hakuna-Tofauti nataka inayoingia humu bila kucheza. Tulijaribu boksi la kwanza, la pili. Chini kabisa ya kabati akatoa kikopo chenye vumbi. Ringi ikaingia mferejini ikateleza vizuri, na wembe haukupata pa kupita.

"Hizi ndizo nene," akasema. "Mbona mumeo hakuzitaka?"

"Mume wangu?"

"Kabla ya mvua. Alikuja bila ile ya zamani. Nikamwekea aina zote mbili hapa kaunta, nikamwambia achague, yeye ndiye fundi. Hakuinama hata kuzitazama. Alipapasa, akachukua iliyokuwa karibu, akaondoka. Nikajua hizo ndizo zenyewe, nikawa naagiza hizo tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno tayari, yamejipanga mstari. Mume wangu alikuwa karakanani, amekaa karibu na meza. Nikaanza kufunga, na kabla sijaanza kuyasema nikamwambia anipe bisibisi ndogo, iko mbele yake, mpini wa njano. Mkono wake ukapita juu yake. Ukarudi. Ukagusa koleo, ukagusa kopo la grisi. Bisibisi ilikuwa mbele ya pua yake.

Nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza msimu huu wote nadhani, nikiwa natazama na si kugombana. Katikati ya mboni za macho yake mna ukungu mweupe.

Maneno yangu yote yalikwisha. Nilinyoosha mkono nikaichukua bisibisi mwenyewe. "Nimeipata," nikasema. Yeye akasema, "Ndiyo, naona umeipata." Naona! Moyo uliniuma, na bado nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja.

Nikaunyanyua msumeno kwa kamba. Ulining'inia. Nikasubiri. Uliendelea kuning'inia.

Walirudi kwenye mti upepo ukiwa umeanza. Sikuweza kutazama, nikasikiliza. Mlio ulikuwa mmoja tangu mwanzo, haukushuka, haukukohoa, ukapata moto na ukaendelea kula. Kisha nikasikia wanaume wakiitana, wakivuta, kisha ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu. Mti umelala shambani. Umechukua kibanda cha kuku, ambacho hakikuwa na kuku.

Tulikaa sote karakanani, mama, mdogo wangu, mume wangu na mimi, tumelowa, tunakunywa chai. Mdogo wangu alikuwa anaongea kwa haraka kama mlevi. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ringi zilikuwa nyembamba. "Kesho nakwenda kwa yule Hakuna-Tofauti," akasema. "Ameniuzia kifo mara nne. Kesho duka lile litafungwa kwa mikono yangu."

Nilikuwa tayari kumwacha Hakuna-Tofauti apigwe kelele, niseme kweli, ili mtu wangu asifedheheke. Lakini mume wangu aliweka kikombe chini. Alikitafutia meza kwanza kwa kidole.

"Mwache, shemeji. Si yeye. Ringi nilichagua mimi, na ya mfano nilitundika mimi, mojawapo ya hizohizo. Sioni. Tangu kabla ya mvua. Nilidhani itapita, halafu nikaogopa mtasema fundi amekwisha."

Mdogo wangu alisimama. Nikajua sasa anampiga. Alikuwa amekunja ngumi, ana ule mchubuko shavuni, na alikuwa na haki. Akabaki amesimama hivyo.

Aliyesema ni mama. "Kwa hiyo pale kisimani..."

"Mama," mume wangu akasema, uso wake umeelekea pasipo mama, "sikukuona."

Mama akajifunika mdomo kwa mkono. Mdogo wangu akaketi tena, polepole, na akaanza kulia, yeye ambaye hakulia chini ya mti.

Aprili 4

Nimemwomba radhi Hakuna-Tofauti mbele ya wateja walewale. Mdogo wangu nimemwomba radhi kwa ajili ya oili. Amesema oili hakubania, ila ubahili ataukubali.

Aprili 9

Maji yameshuka darajani. Mdogo wangu amempeleka mume wangu hospitali ya macho, amemshika mkono njia nzima. Wanagombana kwa nini hakusema. Nimewasikia mpaka walipopinda kona. Huo ugomvi ni wao, na anastahili kila neno.

Aprili 15

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, anaondolewa. Jicho moja kwanza. Mvua zinapungua.

Aprili 23

Amerudi jana na bandeji, leo asubuhi imetolewa. Nilisimama mbele yake kama mtu anayepigwa picha. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Nilikuwa sina. Zote ni za msimu huu, na aliyezipanda ni wewe."

Akacheka, kile kicheko nilichokikosa tangu siku ya mvua ya kwanza. Nikamwonyesha msumarini, ringi mpya, na chini yake wembe nimeutundika kwa uzi mwekundu. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye meza yake ya kazi, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia tutaigawana. Hakuitazama hata meza. Akavaa kofia yake, akatoka.

Nilimfuata kwa macho kutoka mlangoni. Alipita kisimani, akaendelea, peke yake, katikati ya njia. Alipokuwa bado mbali na nyumba ya mama, akavua kofia.